Mtu wa Kuitwa Kwanza

Kwizera, zima redio. Doriane, sogeza kigoda, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Daktari wa Mbarara amenirudisha hapa kambini Nakivale na karatasi ya "huduma ya faraja", na mimi niliyefundisha watoto kusoma miaka kumi na tisa kule kwetu Burundi, Makamba, naijua karatasi inayoaga. Sikilizeni wanangu, msinikatize, maana nina jambo la aibu na pumzi ni chache.

Mali kwanza, haichukui muda. Shamba hili hatuwezi kurithishana, ni la serikali, tumeazimwa mpaka watakapotukumbuka. Mihogo iliyomo nimeipanda mimi, basi ni ya Kwizera. Mbuzi wawili na cherehani ni vya Doriane. Cha Ladislas ni neno hili, na ninyi ndio mtakaolifikisha.

Mnakumbuka mdogo wenu alivyokuwa: zile sauti, ile miezi tuliyomfunga kamba kwenye nguzo ya jikoni tukisali rozari, kisha hospitali, kisha nyumba ile ya Mbarara wanapokaa watu sita waliotoka wodini, wakipika kwa zamu na kukumbushana dawa, na Ancilla mlezi wao akiishi nao. Watu walinipongeza, nami nikacheka kwa meno tu. Siku ya kwanza kumtembelea nilimkuta anakata vitunguu, mtoto ambaye kwangu hakuosha hata kikombe, na yule mama amesimama kando, mikono nyuma, hamsaidii, anaongea naye habari za mvua. Wakanipa dosye, faili lake, nisaini. Palikuwa na mstari wa mtu wa kuitwa kwanza mgonjwa akizidiwa: Ancilla. Mstari wa pili, mimi, na jina wamelikosea. Nimemzaa, nimevuka naye mpaka mgongoni, halafu biro, ile ofisi yao, inaniweka wa pili kwa kalamu ya bluu! Wivu ule haukunikaa moyoni, wanangu, ulinikaa tumboni, palepale alipokuwa amelala yeye.

Mwishoni mwa mwaka jana ukaja uhakiki wa wakimbizi. Nyumba ile ilikuwa na barua kwamba Ladislas ahesabiwe hukohuko Mbarara, na barua hiyo niliiona. Nikampigia simu nikamwambia asipokuja kuweka kidole Base Camp, kwenye ofisi za kambi, pamoja nasi, jina lake litafutwa orodhani. Akaja na mfuko wake, na nyuma yake simu ya Ancilla.

"Mama Kwizera, vidonge viko mfuko wa pembeni, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na akitaka kuosha sahani, mwache aoshe."

"Nimemlea mimi, mama, kabla wewe hujajua jina lake."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Jibu zuri namna hiyo, nani angelisamehe?

Kuweka kidole ni kazi ya siku moja. Nilimshikilia wiki tatu. Kila asubuhi aliuliza dawa zake, nami nikamwambia, "Kwa mama yako huzihitaji, kula." Doriane, vile vidonge ulivyovitafuta nilivitupa chooni mimi. Wiki ya kwanza alicheka sana, nikasema, mnaona, alikosa uji wangu tu. Wiki ya tatu alinishika mabega akaniuliza mimi ni nani niliyeiba uso wa mama yake. Wa nyumba ile wakaja kumchukua, wodini kwanza, kisha kwao.

Na badala ya kupiga magoti, nikaenda kuandika malalamiko kwa biro ya wakimbizi, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: kwamba Ancilla alimtuma mwanangu bila dawa, na kwamba arudishwe kwangu moja kwa moja. Kadi yetu ya chakula ilipopotea, barua yangu ilikaa mezani kwao miaka miwili. Uongo huu ulifika kwa mkubwa siku ya nne. Ancilla amesimamishwa. Jumatatu komite inakaa kumfukuza, na kumtoa Ladislas katika nyumba ile, aje huku, kwa mama ambaye hatakuwepo, na nguzo ya jikoni ingalipo.

Kwizera, chukua daftari. Andika: dawa nilizitupa mimi, Capitoline, na yule mama hana kosa. Mwende wote wawili Jumatatu asubuhi. Msimwachie barua askari wa getini. Wakisema mkubwa yuko mkutanoni, kaeni palepale, mikutano nayo huwa na njaa. Mdai nakala yenye muhuri.

Maji kidogo... Basi.

Ladislas aje kunizika na mfuko wake wa dawa, arudi kwake siku hiyohiyo. Nimesema "kwake", mmesikia. Yule mama atakuja naye. Siku tatu nimelala nikipanga mumkalishe nyuma kabisa, na majirani... Usicheke, Doriane, ukinichekesha naumia. Mwacheni Ladislas amwekee kiti mwenyewe. Popote. Hata akimweka karibu nami kuliko ninyi.

Leteni mikono. Mungu awalinde, Kwizera, Doriane, Ladislas wangu... awape kukaa fasi moja, bila kuhamahama, mzeeke. Na yule... kumtaja siwezi... naye pia. Liandike hilo, upesi. Kisha leta wino, unishike kidole nikiweke... kabla sijabadili nia.