Jumatano Kwa Bi Mwanamkisi

(Maneno ya Bi Khairiya mbele ya wanawake wa Amu, siku ya kumuaga Bi Mwanamkisi, mwaka 1912)

Assalaam alaykum. Sharifa Kadija, mwenye nyumba hii uliyetufungulia ukumbi wako, Bi Mwanamkisi, ambaye kwa ajili yako tumevaa hivi, walimu mnaosomesha watoto Kurani, wakunga, masomo wenzangu wa Amu tunaofunda wari, nanyi mliovuka kutoka Pate na Chundwa, mabibi na mabinti: nawaamkua nyote kwa heshima, na niliyemsahau aniwie radhi, maana nina hofu.

Kazi ya somo mnaijua. Tunamfunda mwari, tunaingia naye nyumba ya harusi, na siku ndoa ikitikisika ni sisi tunaoitwa. Tunasikia yasiyosemwa hata mbele ya mama mzazi. Lakini je, mmewahi kujiuliza somo huyapeleka wapi hayo aliyoyasikia? Mimi yalikuwa yakinikosesha chakula. Sisi kumi na mmoja tuliyapeleka kwa Bi Mwanamkisi, kila Jumatano baada ya adhuhuri, na majina ya wenyewe tukayaacha mlangoni pamoja na viatu. Hakutufundisha kitu. Alimimina kahawa, akauliza. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikishangaa: mtu huponaje kwa kuulizwa tu?

Niwape kisa changu, na Jamila, aliyekaa pale nyuma, ameniruhusu kumtaja. Miaka sita iliyopita, Jamila akiwa bado bibi harusi, mumewe, huyo Hadi, alirudi kutoka shambani Kililana akawa hasemi. Jamila akaniita, analia. Nami, mjuzi, nikajua papo hapo kwamba kuna mwanamke mwingine anaposwa. Nikamwambia afunge nguo zake, Ijumaa nitampeleka kwa mamake. Jumatano nikaipeleka habari hiyo kwa Bi Mwanamkisi, nikingoja kusifiwa. Akaniuliza huyo mume amesema nini. Nikamjibu hakusema kitu. Akanijazia kikombe, kisha akasema, "Na wako, Khairiya, alinyamaa siku ngapi kabula ya kuoa mke wa pili?"

"Arubaini," nikajibu, hata sikufikiri.

"Hizo umezihisabu vyema. Za huyu wa yeo, mume wa mwari wako, je?"

Nilitoka pale, na njiani nikaanza kujihesabia mwenyewe. Huyo Hadi nilikuwa sijamuuliza neno, na Jamila sikumuuliza lililo la maana. Nguo nilizokuwa nikizifunga zilikuwa zangu mwenyewe. Basi nikarudi kwa Jamila, na safari hii nikauliza. Kumbe nguruwe mwitu walikuwa wameula mtama wote, na Hadi aliona haya kumwambia mkewe. Leo Jamila ananyonyesha mtoto wao wa tatu. Msinitazame mimi, mtazameni Bi Mwanamkisi.

Sasa anaiacha kazi. Tuliambiwa miguu imechoka. Mimi ni mdadisi, mnanijua, sikuamini. Kwani mtu husikiliza kwa miguu? Nikakumbuka kwamba kila mwezi alikuwa akivuka kwenda Pate siku mbili, akituambia anazuru jamaa. Nikamuuliza Bi Esha wa Pate, huyu hapa mbele yangu, naye akacheka: jamaa gani? Bi Mwanamkisi alikuwa akienda kwa Bi Kulthum, somo aliyemfunda yeye mwenyewe alipokuwa mwari, bibi kizee asiyeona tena. Alikuwa akikaa mkekani mbele yake, akiulizwa. Bi Kulthum alifariki mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wiki iliyopita nikamwendea Bi Mwanamkisi na hilo. Aliweka kikombe chini. "Ni kweli," akasema. "Sina tena wa kuniuliza. Nikiendelea hivi, nitawapoteza ndia."

Nililia, sifichi. Miaka yote hiyo tumekunywa kahawa yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza, "Na wewe je?" Ni aibu yetu sote.

Kwa hiyo, Bi Mwanamkisi, masomo wenzako wamenituma. Kazi ya kutuuliza tumekupumzisha, lakini Jumatano haiondoki. Kahawa ataipika Saadiya, somo mwenzetu. Utakaa pale tulipozoea kukaa sisi, na swali la kwanza wamenipa mimi nilitoe hapa, mbele ya watu wote: tangu Bi Kulthum alipoondoka, wewe umekuwaje?

Mabibi, mmenisikiliza vya kutosha, nawashukuru. Sasa tunyamaze, tumsikilize yeye.