Mwangaza Unaopita Nyamani

Tulikuwa tunateremka Kasenyi, kando ya ziwa, kwa taksi-basi, nami nilikaa nyuma ya wamama wawili waliokutana humo garini. Mmoja, Mama Bibiane, alikuwa anavuka ziwa kwenda hospitali Uganda, kichwa amekifunga kitambaa. Mwenzake alikuwa mchuuzi wa samaki.

"Daktari anawekaka taa nyekundu juu ya titi," alisema Mama Bibiane. "Mwangaza unaingia mpaka ku uvimbe, unaonyesha kama damu yenye kuulisha imepunguka. Kama hapana, dawa haifanye kazi, watabadilisha."

"Taa ipite mu nyama? Mama, nywele yako yote imeanguka. Dawa inafanya kazi. Weye rudia ku nyumba."

"Ndiyo niko nawaza hivyo. Niko na woga ya kusikia jibu."

Mimi niliyeishia darasa la nne nikajiona mtaalamu. Niliwasha taa ya simu nikaifunika kwa kidole, na kidole chote kikawa chekundu. Mchuuzi akageuka. Kwa aibu, kabla hajakiona kidole, nikaisukuma simu kifuani, pale sisi wanawake wote tunapozificha, bila kuizima. Blauzi ikawaka.

"Mama, ona," mchuuzi akasema polepole, "huyu mutoto iko anawaka."

"Kumbe inapita," akasema Mama Bibiane.

"Mu blauzi. Mu nyama sijaona."

Mama Bibiane alicheka kidogo.

Gari likasimama Kasenyi. Tulishuka sote, Mama Bibiane akabaki ameshika mlango wa gari, kama anayetaka kurudi nalo. Nilitaka kumwambia avuke. Nikamwambia tu, "Pole ya safari."