Mzee Ray: Misimu Arobaini na Sita ya Kriketi na Krismasi Kumi na Moja

Bwana Raymond Threlfall, ambaye kila mtu hapa humwita Mzee Ray, anastaafu rasmi Jumamosi tarehe 28 Machi 2026, siku ya mechi ya mwisho ya msimu. Ametutunzia kiwanja chetu cha kriketi hapa Penrith, pembeni mwa Sydney, Australia, kwa misimu thelathini na mmoja, na kabla ya hapo alicheza kriketi ya kulipwa kwao Uingereza misimu kumi na mitano. Jumla arobaini na sita. Kuna walioajiriwa humu juzi ambao hata mama zao hawajafikisha umri huo.

Ukurasa wa Kiingereza wa kijitabu hiki cha mechi umeandikwa na ofisi, na takwimu zote mtazikuta huko. Huu wa Kiswahili tuliuomba sisi wa kiwanjani, maana kati ya wafanyakazi watano wa majani, wanne tunaongea Kiswahili, na wa tano ndiye huyo anayestaafu. Wenzangu walisema aandike Thacienne kwa sababu ana mdomo. Haya, mdomo ndio huu. Mimi ni Thacienne Irambona, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na nimefanya kazi chini ya Mzee Ray tangu mwaka 2011.

Mzee Ray alizaliwa katika mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, baba yake akiwa fundi wa mitambo. Alipofika miaka ishirini alisaini mkataba na timu ya jimbo lao. Alikuwa mpigaji wa kutangulia. Kwa msiojua kriketi, kama mimi nilivyokuwa sijui: wachezaji wawili ndio huingia kwanza, mpira ukiwa mpya na mgumu, na anayeurusha akiwa bado na nguvu zake zote. Wenzao tisa wamekaa kibarazani wanakunywa chai. Mzee Ray anasema kazi yake ilikuwa kuumia mapema ili wengine wasiumie baadaye, na kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakijanyooka mpaka leo.

Mshahara wa mchezaji kule ulikuwa wa miezi sita tu, ile ya joto. Baridi ikiingia kila mtu alijitafutia. Wengine walipaka nyumba rangi, wengine waliendesha magari ya maziwa. Yeye alipanda ndege kuja Sydney kuchezea klabu za huku, maana kwao kukiwa na baridi huku ni joto. Kwa miaka kumi na mitano hakuonja baridi. Watu wakisikia husema, jamani, raha iliyoje! Lakini pia hakulala kitanda kimoja zaidi ya miezi sita. Mkewe, Pauline, alivumilia miaka minne ya ndoa ya nusu mwaka, akachoka, na mimi simlaumu. Hawakujaliwa mtoto.

Timu ya taifa ilimwita mara moja tu, awe mchezaji wa akiba. Mchezaji wa akiba katika kriketi ndiye mpeleka vinywaji. Mechi ilichukua siku tano. Baba yake aliomba ruhusa kiwandani, akakaa jukwaani siku zote tano akimtazama mwanawe anaingia na trei ya vinywaji na kutoka na trei ya bilauri tupu. Mpira haukumgusa hata mara moja. Jioni ya mwisho baba alimwambia, "Hukumwaga hata tone." Mvua ikitufungia bandani Mzee Ray hutusimulia kisa hiki, na hucheka kuliko sisi, kisha hutoka nje kutazama kama mvua imekatika, hata kama tunaisikia bado inapiga bati.

Mwaka 1994 mkataba wake haukuongezwa. Aliitwa ofisini asubuhi, akaambiwa, akapewa mkono. Halafu katibu wa timu na mlinzi walitembea naye kutoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka getini, mmoja kambebea begi, wakasimama pale mpaka alipopanda basi. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwa na ujuzi mwingine. Mwaka uliofuata alihamia Sydney kabisa, akaomba kazi ya majani kwetu, akapanga kichumba Parramatta. Ndimo anamoishi hadi leo.

Kazi yake hapa mnaijua. Katikati ya kiwanja kuna kipande cha udongo mgumu, urefu wake kama hatua ishirini na mbili, kinaitwa pichi, na mchezo wote unapiganiwa pale. Mzee Ray hukipigia magoti kila asubuhi, hukibonyeza kwa kidole gumba, hukinusa. Vijana wa ofisini walimletea kipimo cha umeme cha unyevu. Aliwashukuru sana, akakitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Msimu wangu wa kwanza nilifika alfajiri ya siku ya mechi nikakuta pichi imekauka, imepasuka nyufa. Mimi ni mtoto wa wakulima. Nikajisemea, usipoziba ufa utajenga ukuta, nikachukua mpira wa maji nikainywesha ile ardhi hadi ikashiba. Loo! Kumbe Mzee Ray alikuwa ameikausha kwa makusudi siku nne. Manahodha wawili walikuja wakasimama juu ya tope na viatu vyao vyeupe. Mzee Ray akawaambia kwamba ni yeye aliyesahau kufunga bomba, uzee huo, wamsamehe. Mechi ya asubuhi ikaja kuanza saa nane mchana. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mtambo wa kushindilia nikisubiri kufukuzwa, naye akaja akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Na kuna habari ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Mwenzetu Gratien alipanda lengalenga nyuma ya banda, akijua sheria za klabu hazikubali mboga. Mzee Ray hakumkataza. Ila tuliona mbolea ya pichi inapungua na lengalenga zinafikia kiunoni, na Gratien anaapa hajaigusa. Mwaka huo tulikula mboga za kiwango cha kimataifa.

Sasa nifike pale ambapo wenzangu walisema nipaache. Siwezi. Mtu huyu anaondoka, na kuna jambo nimemkosea, na nilimsema vibaya mbele ya watu. Basi niliseme na hili mbele ya watu.

Krismasi ya mwaka 2014 tulimwalika nyumbani kwetu. Alikuja kwa treni kutoka Parramatta, kavaa tai na jua lile, kashika keki. Alikula vizuri. Alimfundisha binti yangu Kelly, aliyekuwa na miaka minane, kushika gongo la kriketi kwa mwiko wa ugali. Alicheka na mume wangu mpaka wakashikana mabega. Jioni akaaga, nasi tukainuka sote nane, watu wazima na watoto, tukatembea naye mpaka stesheni, dakika ishirini na tano. Mume wangu alimbebea mfuko wa chakula cha kesho yake. Tukasimama kwenye jukwaa la treni mpaka milango ikafungwa na treni ikaondoka.

Hakurudi tena. Kila Desemba tulimwalika, na kila Desemba kulikuwa na sababu: kichwa kinauma, majani yanahitaji maji, kuna mtu atampigia simu. Mwaka wa tatu niliacha kuumia nikaanza kukasirika. Nilimwambia Honorine wa jikoni hapa klabuni kwamba huyu mzungu ni mwema kazini tu, sahani zetu hazimtoshi, keki yake ilikuwa ya kutuaga. Honorine akanijibu labda ugali ulimkaa vibaya. Tukacheka. Kazini tulisalimiana vizuri kila siku, yeye mpole vilevile, mimi nikimhesabia Krismasi zake kimyakimya. Zilifika kumi na moja.

Januari mwaka huu Mzee Ray alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Kelly sasa anasoma chuo Parramatta, kwa hiyo nilimtuma ampeleke nyumbani na gari. Njiani, jicho likiwa limefungwa, yule mzee alimwomba Kelly amweleze, kwa kuwa anastaafu na kurudi kwao Uingereza na hatapata nafasi tena, ni kosa gani alilolifanya siku ile kwetu. Alisema amelitafuta miaka kumi na moja. Labda ni ule mwiko. Labda alikaa kiti cha mtu. Maana aliona wenyewe wameinuka nyumba nzima wakamtoa mpaka stesheni, mmoja kambebea mfuko, wakasimama kuhakikisha ameondoka.

Kelly alinisimulia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akilia. Mimi nilikaa chini jikoni na aproni yangu. Maisha yake yote mtu huyu alisindikizwa mara moja tu, na siku hiyo alikuwa anafukuzwa kazi. Angejuaje? Na sisi tungejuaje? Lakini kuuliza kungetugharimu nini? Yeye hakuuliza kwa sababu ni Mwingereza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na kiburi, na kiburi changu hakina nchi. Krismasi kumi na moja alikula peke yake kwenye kile kichumba akijua amefukuzwa, na Jumatatu anakuja kazini kunitengenezea chai mimi niliyemfukuza.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amepiga magoti kwenye pichi. Nilimwambia yote, kwa Kiingereza changu hicho hicho kilichopinda. Nilimwambia kwamba kwetu mgeni ukimwacha atoke mlangoni peke yake, hapo ndipo umemfukuza. Ukimpenda unamsindikiza, na ukimpenda zaidi unafika mbali zaidi. Alibonyeza kidole gumba kwenye udongo, akakiacha humo.

"Watu wote nane?" akauliza.

Nikamwambia wote nane.

"Na wale watoto wadogo?"

Nikamwambia na wale watoto, na kwamba mdogo kabisa alibebwa mgongoni. Akavua kofia, akaivaa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye lile jicho zima na lile la bandeji, nami nikahofia dawa ya daktari.

Nilimwambia aitupe tiketi ya ndege. Ndiyo, nilimwambia hivyo, sikuona haya. Lakini alikwisha kutoa notisi ya kuhama kichumba, na dada yake Dorothy, aliye kwao peke yake katika nyumba ya wazazi, macho yake yanazimika na hayana operesheni. Dorothy anahesabu siku. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ninayeijua pichi iliyolowa ningepaswa kulijua hilo kabla ya wote.

Tangu siku hiyo Mzee Ray amekula kwetu Jumapili zote. Jumapili ya kwanza tulimsindikiza stesheni kama desturi. Treni ikaja, milango ikafunguka, hakupanda. Kelly alikuwa amemfundisha kwamba kwetu aliyesindikizwa, mazungumzo yakimnogea, naye hugeuka akawarudisha wenyeji. Basi akaturudisha mpaka mlangoni, mzee wa miaka sitini na mitano, tai shingoni. Na akishafika mlangoni ni mgeni tena, utamwachaje? Tukamsindikiza tena. Mume wangu, mwenye zamu ya asubuhi kwenye ghala huko Wetherill Park, aliomba msamaha safari ya tatu akalala. Sisi wengine tuliendelea. Sikumbuki tuliongea nini, ila sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia kuchelewa treni kiasi kile.

Jumapili zenyewe, hadi leo hii, hazijafika kumi na moja. Nimezihesabu, na nimelia.

Ndugu zangu, Jumanne tarehe 31 tutampeleka uwanja wa ndege. Gratien ameazima gari la kanisa. Tutakwenda naye mpaka pale wasio na tiketi wanapozuiwa, na askari wa pale watatuvumilia kidogo.

Mzee Ray, ukurasa huu Kelly atakusomea kwa Kiingereza, amekubali. Tunakushukuru kwa majani, kwa chai, kwa mbolea iliyopotea njia, na kwa uongo ule wa bomba. Nenda salama, umsalimie Dorothy, maisha yako ya huko yawe ya watu wengi na mlango usiofungwa mapema. Ukishapita pale kwa askari ukageuka, utatuona bado tumesimama. Usijaribu kurudi. Ndege si treni ya Parramatta, hakuna nyingine baada ya nusu saa, na safari hii hutaweza kuturudisha hata nusu ya njia. Tutarudi wenyewe, na nyumbani tutafika tumepungua.