Mwanamume Hamwagi Maziwa

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka langu la kushonea, mjini Garissa, na mpaka leo sijui ni nani aliyenitwika mzigo huo. Benchi lenyewe ni ubao wa lori kuukuu uliolazwa juu ya madebe yaliyojazwa saruji. Mama Kaaha huketi pembeni na jiko lake la makaa na birika la kahawa, na wanaume hukaa hapo tangu alasiri kuitengeneza dunia. Desemba ile ya mwaka wa tisini na saba dunia ilikuwa haitengenezeki. Mvua ilianza Oktoba ikakataa kwisha. Mto Tana uliingia mashambani, barabara ya Nairobi ikakatika, sukari ikawa hadithi, na mbu wakatula mchana bila kuona haya. Kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba, na watu wakaanza kufa huku damu ikiwatoka puani na mdomoni. Kwanza tulisikia ni Hadado, mbali huko Wajir. Halafu tukasikia ni ng'ambo ya mto. Ugonjwa haukuwa na jina, au kama ulikuwa nalo hakuna aliyetuambia. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Lamu, na mwezi ule nilikata sanda nyingi kuliko sare za shule.

Wenye benchi walikuwa wale wale. Bulle, ambaye tulimwita Dalali, huuza mifugo ya watu sokoni na hana mnyama wake mwenyewe hata kuku. Korane, ambaye tulimwita Redio, alikuwa karani zamani, na siku hizo yeye peke yake ndiye aliyekuwa na betri. Tairi alikuwa dereva Mkamba ambaye lori lake lilizama matopeni pale Madogo, akakwama nasi. Mtu mwema, ila anapenda methali kuliko anavyozijua. Na alikuwapo Kerrow, mfugaji mpole, mume wa Saynab. Kerrow hakuwa na jina la utani kwa sababu hakusema mengi ya kumtania nayo. Siku hiyo ndiye aliyekuja na swali.

Kerrow: Ile mbuzi yangu nyeupe imelala chini. Asubuhi imetupa mimba. Sasa puani iko na damu. Nimekuja kuuliza nyinyi. Niwahi na kisu, ama niache?

Nieleze kwa asiyejua. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, na mzoga ni haramu. Ukimwahi angali na pumzi, ukataja jina la Mungu, nyama ni halali na watoto wanakula. Ndivyo wafugaji walivyofanya tangu enzi za mababu, na mwezi ule wa njaa kila mtu alilala na kisu karibu.

Dalali: Wahi. Wewe naiacha mbuzi ikufe bure, na watoto iko na njaa? Wiki jana si ulichinja ile nyingine? Mulikula, mulilala, muliamka.

Kerrow: Nilichinja. Sadia, binti yangu, ndiye alishika miguu. Lakini sasa Saynab amekataa. Anasema hii tusiguse. Na maziwa ya zile zimebaki, anasema tumwage. Anataka kubeba watoto, aende nao kwa kaka yake kule juu kwenye mawe, mpaka ugonjwa hii ipite.

Benchi lilicheka. Nakikumbuka kicheko kile vizuri, kwa sababu hakuna aliyekianza peke yake.

Dalali: Kumwaga? Warya, mwanamume hamwagi maziwa. Ukimwaga maziwa umefukuza riziki na mguu yako mwenyewe. Watu ya mtaa wakiona, watasema nini? Watasema Kerrow amekuwa wazimu, ama amekuwa tajiri.

Tairi: Na wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana mafuriko haya hayaishi. Sasa wewe uongeze na maziwa?

Redio: Tusikilizane. Kitu cha kwanza ni kujua ugonjwa umetoka wapi. Huwezi kukimbia kitu usichojua kimetoka wapi.

Mama Kaaha: Mimi nyoka nikimwona ninakimbia. Simwulizi kwao ni wapi.

Hakuna aliyemsikiliza. Redio alikuwa ameshashusha sauti, na Redio akishusha sauti ujue habari ni kubwa.

Redio: Mliliona lile Landrova lililokuja na watu wa kutoa damu? Walikwenda vijijini, wakachoma watu sindano, wakajaza chupa, wakaondoka. Sasa jiulizeni. Kila kijiji walichopita, kuna maiti.

Mimi: Korane, walipita huko kwa sababu maiti walikuwapo tayari.

Redio: Hivyo ndivyo wanavyotaka ufikiri, Fundi.

Dalali: Maya, maya, hapana. Hakuna ugonjwa. Hii ni maneno ya wauza nyama ya Nairobi. Uchaguzi iko karibu, watu anataka nyama ya sherehe. Wanaeneza maneno kwamba mbuzi ya Garissa iko na sumu, bei inaanguka, barabara ikifunguka wanakuja kununua kwa shilingi mbili. Wallahi nawajua hao watu. Nimefanya kazi na wao.

Tairi: Na wanaokufa, je?

Dalali: Njaa. Na jicho. Mtu akiangaliwa vibaya na iko na njaa, damu inatoka.

Tairi: Mimi naona mnazunguka mbuyu. Elnino ni nini? Mmejiuliza? Elnino ni kampuni. Niliambiwa na dereva mwenzangu wa Mombasa, na huyo hajawahi kusema uongo ila kwa mke wake. Ilipewa kazi ya kuleta mvua, ikazidisha kipimo. Maji haya hayakutoka juu, yalivutwa baharini kwa mashine, yakaja na uchafu wote wa meli. Mbuzi anakunywa, anakwisha. Mtu anakula mbuzi, anakwisha. Madaktari wameshindwa, kwa sababu damu nzito kuliko maji.

Wakati mwingine tungemcheka Tairi mpaka machozi. Siku hiyo nilimwona Kerrow akimtazama kwa makini, akitafuta ndani ya upuuzi ule kitu cha kupeleka nyumbani. Nikaona uchungu, nikainamia kahawa yangu. Ilikuwa chungu pia, haina sukari.

Kerrow: Sawa. Imetoka kwa kampuni, imetoka kwa sindano, mimi sijui. Mimi nauliza kitu moja tu. Saynab nimruhusu aende lini? Leo, ama ningoje?

Redio: Ungoje. Serikali haijatangaza lolote. Mimi nasikiliza asubuhi na jioni. Likitangazwa nitakuja mwenyewe nikuambie, hata kama mvua inanyesha.

Dalali: Ungoje mpaka mtu wa mtaa yetu akufe. Mtu tunamjua. Hao ya Hadado na ng'ambo ni mbali. Kama hapa hajakufa mtu, unakimbia nini?

Mama Kaaha: Na yule mzee aliyezikwa jana nyuma ya msikiti?

Dalali: Yule alikuwa mzee.

Mama Kaaha: Na mtoto wa mwenye kinu?

Dalali: Yule alikuwa mtoto. Mtoto nakufa na kitu ingine nyingi.

Tairi: Haraka haraka haina baraka, Kerrow. Na tena, dalili ya mvua ni mawingu. Sasa mvua imenyesha tangu Oktoba, mawingu ya nini tena?

Redio: Na fikiria heshima yako. Ukimpeleka mke kwa kaka yake, yule shemeji atasema nini? Atasema umeshindwa kulisha. Ugonjwa ukipita, neno hilo litabaki.

Hapo walimpata. Kerrow alikuwa maskini, na maskini huogopa neno kuliko homa. Alikizungusha kikombe mkononi.

Kerrow: Na nyinyi, mnaona maziwa haina neno?

Dalali: Maziwa ni dawa, walaal. Tangu lini maziwa imeua mtu?

Kerrow: Basi nitamwambia Saynab tungoje Ijumaa. Na ile nyeupe nikifika nitaichinja.

Mama Kaaha: Kerrow, nenda nyumbani. Nenda sasa. Fanya alivyokuambia mkeo.

Dalali: Wewe mimina kahawa, Mama Kaaha. Hii ni mambo ya wanaume.

Mama Kaaha: Inakwisha hii kahawa. Buni zimekwisha, na lori haliji. Sijui mtazungumzia wapi.

Akammiminia Dalali nusu kikombe, cha mwisho cha birika, kimejaa machicha. Ndipo tukamwona Saynab akija kutoka upande wa soko, kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Wanawake wa mtaa ule hawaji kijiweni. Wakiwa na neno hutuma mtu, au husubiri mume arudi. Yeye alikuja mpaka mbele ya benchi. Upindo wa mtandio wake ulikuwa na damu, naye hakuuficha.

Saynab: Assalamu aleikum.

Tulimwitikia sote, nusu nusu.

Saynab: Baba Sadia, njoo. Sadia damu inatoka puani, haisimami. Ametapika, na ile pia ni damu. Nataka tumbebe hospitali. Mimi peke yangu siwezi, nimejaribu.

Kerrow alisimama. Kikombe kilimponyoka kikavunjika, na yeye akasimama tu pale, mikono wazi, kana kwamba bado amekishika.

Dalali: Abaayo, usiogope. Damu ya puani ni jua tu. Nenda mpe maziwa kidogo, ya moto moto kutoka kwa mbuzi.

Nadhani alisema kwa mazoea. Mtu akiwa amerudia neno wiki nzima, mdomo unalitoa wenyewe. Lakini Saynab, aliyekuwa ameshamshika mumewe mkono ili waende, aliacha kuvuta. Akamgeukia.

Saynab: Bulle, watoto wako leo asubuhi walikunywa nini?

Dalali aliinamisha kichwa. Akaangalia machicha ya kahawa yake.

Saynab: Korane, na wako?

Redio aliyekuwa na habari za dunia nzima hakuwa na habari hiyo.

Saynab: Fundi, wewe?

Sikuinua uso. Tairi watoto wake wako Mwingi, na bado naye alitazama viatu vyake, maana sote tulijua kwamba pale hotelini alipolala alikuwa amekataa nyama, anakula mahindi makavu ya msaada kama punda. Saynab aliuliza jambo ambalo mtoto wa chekechea angejibu. Alingoja kidogo. Kisha akaanza kuondoka, kwa sababu mtoto alikuwa peke yake.

Kerrow ndiye aliyebaki nyuma kidogo.

Kerrow: Mjibuni mke wangu.

Redio alisogea ukingoni mwa benchi.

Kerrow: Bulle. Wewe ni ndugu yangu. Walikunywa nini?

Dalali: Chai ya rangi.

Alisema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake sokoni wala hapa.

Kerrow: Korane?

Redio: Wangu hawapo. Wako kwa bibi yao.

Kerrow: Fundi?

Mimi: Chai ya rangi.

Kerrow alitutazama mmoja mmoja. Nilitamani atukane. Angetukana, tungepata cha kujibu.

Kerrow: Tangu lini?

Hilo ndilo lililotushinda kabisa. Mke wa Dalali alikuwa akimwaga nyuma ya choo, kabla watu hawajaamka, maziwa waliyoletewa na wateja wa mumewe, na ukuta wetu ni mmoja, nimeyasikia yakimwagika. Redio aliwapeleka watoto wake siku ile ile tuliyosikia habari ya Hadado. Mimi niliacha nyama na maziwa nyumbani kwangu siku niliyokata sanda fupi ya kwanza. Kila mmoja wetu alikuwa na siku yake, na kila mmoja alikuja alasiri akaketi hapa akasema mwanamume hamwagi maziwa. Dalali alilinda bei yake. Redio alilinda jina la mtu asiyeogopa. Mimi nililinda nini, mpaka leo sijapata jibu la kunitosha.

Kerrow hakungoja. Alimfuata mkewe, kwanza kwa hatua, kisha mbio, na kandambili zake zikawa zinarusha matope mpaka akapinda kona ya soko.

Hakuna aliyeondoka. Mama Kaaha aliinama akaokota vipande vya kikombe, akavitia kwenye mkebe wa majivu. Tairi alianza, "Wahenga walisema," akaacha. Mbu walikuwa wamekaa miguuni mwetu, na hatukuwafukuza.

Baada ya kitambo Dalali alisema, bila kumwambia mtu yeyote:

Dalali: Maneno ya benchi ni ya benchi. Wallahi, mimi nilifikiri hata Kerrow kwake anamwaga, kama sisi.