Sokrates wa Chumba cha Kufulia

Aliyechapa kwenye programu ya hafla hii ya kuaga "Kwaheri Sokrates, maswali yamekwisha" aone haya. Fundi wetu wa mashine ametimiza miaka thelathini na miwili kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hii, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, na zawadi yenu ni kejeli?

Mwaka wake wa pili, sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka ilimchoma kidoleni shoga yangu, mfuaji mwenzangu. Aliugua miezi, kazini hakurudi. Tangu siku ile fundi hakuwasha mashine kabla ya kuuliza: "Nani amekagua?" Kumwambia mashuka yamekaguliwa hakukutosha. Alitaka mtu ainue mkono aseme, "Mimi." Asipopatikana, mashine hailii. Wodi zikilalamika, wakubwa wakinuna, yeye kakunja mikono kama mkwe aliyenyimwa kiti.

Ndipo katibu wa hospitali wa wakati ule akasema tumeletewa Sokrates. Ikawa dhihaka ya jengo zima; mtu akiuliza jambo kikaoni, anaambiwa asilete Usokrates. Nasi wafuaji tulicheka, na mimi nimo. Nilidhani ni jina la dawa ya minyoo.

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mdomo ninao. Nilimuuliza mjukuu wangu, mwalimu. Kumbe Sokrates alikuwa mzee wa Wagiriki wa kale, akiwauliza wakubwa kama kweli wanajua wanachojidai kukijua, mpaka wakamhukumu anywe sumu. Na jina lenyewe, kwa lugha yao, linakaribia kusema nguvu iliyo salama. Mmemcheka mtu miaka yote hiyo kwa jina la heshima, nyinyi mliosoma!

Kopo la sindano alizookota lingali dirishani. Nendeni mkachungulie, kisha mniambie alikuwa anachelewesha kazi. Wala hakuna mfuaji mwingine aliyechomwa. Leo mmebandika tangazo mlangoni, eti kuanzia Jumatatu mashine ziwashwe bila mahojiano. Mikono ni ya nani, yenu au yetu?

Mzee mwenzangu, shukrani zetu ni vidole hivi, vyote kumi, vizima. Kapumzike, ule ushibe, wajukuu wakuchoshe kwa maswali nawe uonje.

Na wewe fundi unayeshika mashine Jumatatu, bandua lile tangazo. Simama pale aliposimama, uulize. Usiwashe mpaka mtu ajibu kwa kinywa chake.