Roelf Hakubisha Mlango wa Mbele

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kaeni karibu na redio, na anayekula biskuti atafune polepole. Leo tunamkumbuka Roelf Wiersema, polisi kata wetu hapa Noordwierde. Amefariki Jumanne, kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka hamsini na minane. Alitulinda miaka ishirini na sita. Narudia: miaka ishirini na sita, na baiskeli ileile.

Wakubwa wake wa mjini walimlaumu. Mbona hukamati watu? Mbona unakunywa kahawa tu? Kweli alikunywa. Mkewe, Hilje, ameniambia jana: "Anarudi tumbo limejaa kahawa za watu, yangu haigusi. Nilikionea wivu kijiji kizima."

Sasa nisikilizeni, maana jambo hili linanihusu.

Mdogo wangu Tjakko alifiwa na mkewe, Anje. Huku kwetu mlango wa mbele hufunguliwa bibi harusi akiingia na jeneza likitoka. Wengine wote tunapita nyuma, jikoni. Jeneza la Anje lilipotoka, Tjakko aliuziba mlango ule kwa kabati.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, akafyatua bunduki kufukuza kunguru. Mpita njia akapiga simu mjini. Wakaja polisi sita, kofia ngumu vichwani. Wakagonga wapi? Mlango wa mbele!

"Fungua! Polisi!"

"Sitoki!" Tjakko akajibu toka ndani. "Mlishamchukua Anje. Mimi hamnichukui!"

Nilikuwa kwenye ua. Nikamwambia mkuu wao, "Mwanangu, mzunguke nyuma."

"Bibi, rudi nyuma wewe!" Akawageukia wenzake. "Dakika tano, tunavunja."

Nilijua wakivunja, Tjakko atafyatua. Na wao watafyatua.

Ndipo Roelf akafika, anahema, makombo ya keki kwenye masharubu.

"Mlango umezibwa," mkuu akamwambia.

"Huo haufunguliwi bila harusi au maiti. Bibi harusi simwoni."

"Ana silaha, Roelf!"

"Na mimi nina kiu."

Akazunguka nyuma. Akavua viatu, nikamsikia: "We Tjakko! Kahawa ipo, au umewanywesha kunguru?"

Mkuu anatazama saa, mimi natazama vidole vya vijana wake. Halafu nikasikia sufuria ikigonga jiko, na mkuu akawaashiria vijana wangoje.

Baada ya dakika ishirini wakatoka wote wawili. Bunduki kaishika Roelf. Tjakko kashika kikombe.

"Vijana," Roelf akasema, "huyu hakuwa anawakataa ninyi. Hamkumjua, naye hakuwajua. Basi."

Sasa Roelf hayupo, na nafasi yake haijazwi. Tumepewa namba ya simu ya mjini. Tjakko kasikia. Bunduki hana tena, ila shoka la kuni linalala miguuni pake kama paka. Jana kaniuliza, "Dada, sasa nikiwa taabani, atakuja nani?"

Nikapiga namba ile. Akapokea binti mpole, tena ana subira. Nikampa jina la Tjakko na nyumba yake. Nikamwambia, "Andika wapite jikoni, na wamsalimie kwanza."

Akasema, "Samahani bibi, kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hayo."

Wasikilizaji wapendwa, sikulala.

Hilje, pole sana. Poleni wanao wawili, Fenna na Berend. Baba yenu mlitugawia, nasi tulimtumia hadi akachakaa. Mtusamehe.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo: polisi atakayekuja kwako anaitwa nani? Kama hujui jina lake, basi lako pia halijui.

Mimi nimewaalika wale polisi sita kahawa kwangu kesho, Jumamosi, na Tjakko atakuwepo. Amejibu mmoja. Keki nimeoka ya watu sita.