Maji ya Mubirizi

Melkiory, acha kunipepea, kaa chini. Gosbert naye akae, na wewe Adventina sogea karibu na kichwa changu, maana sauti imeanza kunikimbia na sitaki neno langu lolote la leo liwafikie kwa kubahatisha. Sikieni, wanangu, mimi baba yenu Ndyamukama sisemi kwa homa. Akili yangu ni nzima. Jua naliona pale nje limefika kwenye majamvi ya kahawa, na najua leo ni Alhamisi.

Mali yangu haina maneno mengi. Kahawa ya juu ya njia ni ya Melkiory, ya bondeni ni ya Gosbert. Ng'ombe wa mabaka na ndama wake ni wa Adventina, na asitokee mtu wa kusema kwamba mtoto wa kike harithi ng'ombe, kwa sababu aliyenilisha kwa mkono wake tangu nilipoanguka ni yeye. Hilo limekwisha. Lakini kibanja hiki tulichomo, migomba hii na nyumba hii, sikigawi. Si changu. Mnajua kilikuwa cha mdogo wangu Mutalemwa, na mnajua kwamba mjane wake, mama yenu mdogo Eustadia, alitoka humu mwaka wa arobaini na tisa akarudi kwao Mabira. Mliambiwa alikuwa akiroga kuku. Nani aliwaambia? Mimi.

Mutalemwa hakuacha mtoto, na kwa desturi yetu kibanja kingerudi kwangu. Lakini kabla hajakata roho alinishika mkono mbele ya wazee akasema, "Kaka, Eustadia akae humu mpaka siku yake. Asipofanya baya, asiguswe." Nikaitikia. Mtu anaweza kuitikia maneno yote huku moyo wake umeshika mawili tu. Mimi nilishika "asipofanya baya", nikakaa nikingoja.

Baya halikuja. Yule mwanamke alilima, alisali, alifuga kuku. Mara mbili kwa wiki alitwanga majani ya mubirizi, mti huu mchungu tunaoupanda uani, akayaloweka mpaka jua lipande, akachuja, akawawekea kuku wake yale maji katika kigae cha chungu. Vifaranga aliwatafutia mchwa, akawasagia maganda ya mayai, akachanganya majivu kidogo na pumba za ulezi. Kuku aliyeharisha alimtenga peke yake na kumpa maji yenye shubiri. Na kwa kuwa kuku aliyeachwa huru hukataa maji machungu akaenda kunywa ya dimbwini, aliwajengea banda la fito akawafungia siku za dawa, na baadaye akazoea kuwafungia siku zote.

Nilimcheka. Nilimwambia, "Shemeji, kuku wako wanakunywa dawa kuliko wagonjwa wa misheni."

Akanijibu, "Na wako, shemeji, wanaharisha kuliko walevi wa rubisi. Chukua majani, uache kucheka."

Nikachukua. Akanionyesha kipimo, nikaenda nayo nyumbani, na kuku wangu wakaacha kuharisha. Hilo sikumwambia mtu, kwa sababu niliona aibu kufundishwa ufugaji na mwanamke.

Sasa sikilizeni vizuri. Kabla ya Krismasi nilikwenda Murongo nikanunua majogoo watatu waliovuka kutoka Uganda. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wangu walikuja na kamba mguuni na kifo tumboni. Siku ya nne mmoja alipinda shingo, akaharisha kijani, akalala ubavu. Kabla ya Epifania kuku wangu walikuwa wakifa, kisha wa jirani, kisha wa jirani wa jirani, mpaka ikafika asubuhi moja Chonyonyo nzima, kijiji chetu hiki, haikusikia jogoo isipokuwa kwenye banda la Eustadia.

Watu waliokosa kuku hawakosi maneno. Tukakutana uani kwa mzee Kashaija, na Eustadia akaitwa. Ninyi wa siku hizi mtacheka, lakini wakati ule mwanamke wetu hakutia mdomoni nyama ya kuku wala yai. Kuku alikuwa wa mume na wa wageni. Basi Kashaija akauliza, "Mwanamke asiyeonja hata mchuzi wa kuku, na mumewe yuko kaburini, anawapikia kuku dawa za nini? Anamlishia nani?" Wazee wakatikisa vichwa. Swali lile liliwaingia kuliko ushahidi wowote.

Eustadia akasema, "Dume la ng'ombe hamlikamui, mbona mnalilisha?"

Wengine walicheka, na mimi nikaona shauri linataka kufia katika kicheko. Ndipo yeye akanigeukia. "Shemeji, waambie. Majani nilikupa, na kipimo nilikuonyesha. Waambie."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Mimi majani hayo siyajui."

Wanangu, saa ile niliposema hivyo, chungu cha maji ya mubirizi kilikuwa nyumbani kwangu nyuma ya mlango. Mdomo huponza kichwa, wamesema wahenga, ila wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Eustadia alinitazama kama mtu anayesoma barua fupi, akaenda kufunga mkeka wake. Vijana wakachoma banda, na kuku walikuwa ndani. Mimi nilikuwa nimesimama pale mgombani, na sikusema waacheni. Mwezi uliofuata tukahamia humu. Melkiory, wewe ndiye uliyebeba kitanda changu, na uliniuliza, "Baba, mama mdogo atarudi lini?" Nikakwambia uangalie njia usijikwae.

Miaka mitatu baadaye bwana mifugo alipita hapa. Nikamweleza vile vifo, na banda moja lililosalimika, bila kumtaja mtu. Akasema huo ni kideri, nao hauna dawa ya majani. Nikamuuliza, na mubirizi? Akasema huenda unasaidia tumbo na minyoo, na kuku mwenye tumbo zima huyashinda maradhi madogo, lakini kideri kinataka jambo moja, kuku wako wasichangamane na wa wenzako. "Kuku hao waliopona," akasema, "bila shaka walifungiwa." Akapanda baiskeli yake akaenda. Nilibaki nimekaa pale kizingitini. Kumbe aliyeleta ugonjwa ni mimi, na tuliyemwadhibu ndiye pekee aliyeuzuia. Na hata baada ya kulijua hilo nilinyamaza, mwaka baada ya mwaka, nikila ndizi za humu.

Gosbert, wewe watu wanakusifu kwa kuku, na wakikuuliza unasema ni dawa ya baba. Si ya baba. Usiseme tena hivyo. Sema ni ya Eustadia, na akikukataza kuitumia, acha.

Nipe maji, Adventina. Basi, yanatosha.

Wiki iliyopita nilimtuma Adventina kwa miguu mpaka Mabira kwenda kumwomba radhi. Adventina, waambie ndugu zako jibu lake. Usiogope... Haya, nitasema mwenyewe. Alisema, "Mwambie shemeji, ya kuku nimemsamehe. Ya kibanja bado, kwa sababu hata yeye bado amekishika. Mtu hasamehewi kitu kilichomo mkononi mwake." Mwenye kovu usidhani amepoa, na yeye ana haki ya kovu lake.

Melkiory, nauona uso wako. Umezalia watoto humu, umepanda migomba humu, unajiuliza kosa lako liko wapi. Hunalo. Ndiyo maana uchungu huu ni wangu mara mbili. Mikungu iliyokomaa kateni, mashina yaacheni yalivyo, nyumba ifagieni. Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza, kabla hawajatawanyika, simama wewe mkubwa useme: baba yetu aliyajua yale majani, na alisema hayajui. Usiongeze neno la kunitetea. Kisha nendeni wote watatu Mabira mkamwambie njia iko wazi. Akikataa kurudi, kibanja ni chake hata akiwa huko. Asipokuja msibani kwangu, msimnunie.

Neno la mwisho... nisogezeeni masikio. Jana nilimsikia Melkiory akimwonyesha Gosbert mahali pa kunichimbia, pale kando ya Mutalemwa. Hapana. Mnajua kaburi ndilo hati yetu. Nikizikwa humu, wajukuu watasema kibanja ni chetu, babu amelala humo, na hakuna mzee atakayewatoa. Nitakuwa nimemfukuza yule mama mara ya pili, na safari hii nikiwa mfu. Nichimbieni kwenye nyumba yetu ya zamani, ng'ambo ya kijito. Na hata kufia humu sitaki. Mkeka huu ninaolalia, kamateni pembe zake. Sasa. Si kesho.

Kwanza inamisheni vichwa. Mungu awape afya, awape watoto watakaowazika kwa heshima, awape mvua ya kahawa na migomba isiyoanguka. Na mtu akiwageukia mbele ya watu akasema, waambie, basi... basi Mungu awape mdomo. Amina. Itikieni. Amina.

Gosbert, shika hapo miguuni. Adventina, fungua mlango. Nitoeni kichwa mbele, bado ni mzima... Msilie, mtaniangusha. Nikikata roho njiani, msinirudishe. Kijito... vukeni tu. Vukeni nami.